Kahawa inayosifiwa na tafiti ndiyo hii yetu ya dele?

#1 Kibaraza Temeke (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kila mara natumiwa habari kwenye simu kwamba wanywaji wa kahawa hawapati sana kisukari, ini lao linadumu, wanaishi miaka mingi. Mimi ni mnywaji wa kila siku, alasiri na baada ya Isha, kwa hiyo habari hizo zinanipa raha. Ila nikitulia naona kuna jambo linarukwa.

Waliochunguzwa wengi ni watu wa Ulaya, Marekani na Japani. Kahawa yao mara nyingi inapita kwenye karatasi ya kuchujia, au ni ile ya unga wa kukoroga, na inanywewa asubuhi pamoja na mkate na yai. Yetu inachemka kwenye dele juu ya makaa, haichujwi, inanywewa ya moto mpaka mtu anaifyonza kwa sauti. Sukari haimo, lakini kashata iko mkononi. Na wengi wetu tunaikalia hadi saa nne usiku hatujatia chakula tumboni.

Msimamo wangu: sifa za kahawa yao hatuwezi kuzivaa hivihivi, na lawama zake vilevile. Anayejua aseme, na asiyesomea aseme mwili wake umeonaje. Ila nawaomba msiniandikie "kila kitu kwa kiasi". Kiasi gani, cha kahawa ipi, kwa mtu gani?

#2 Kocha wa Mtaa

Madhara ya kahawa ya kijiweni yanajulikana. Unaaga unakwenda kupiga finjani mbili, unarudi saa tano umeshapanga kikosi cha Taifa Stars na baraza la mawaziri, mlango umefungwa kwa ndani.

#3 Nesi Zamu ya Usiku

Asante mleta mada. Nianze na presha, kwa sababu ndiyo naiona kila siku.

Kafeini inapandisha presha kwa muda, hasa kwa asiyeizoea. Inaanza ndani ya nusu saa na inaweza kukaa saa tatu hivi. Mnywaji wa kila siku mwili wake unazoea, mpando unakuwa mdogo. Shida ni hii: baba anatoka nyumbani, anapitia kijiweni, anapiga finjani tatu, anaingia kliniki anapimwa palepale. Kipimo kinasoma juu, anaandikiwa dawa au anaambiwa aache kahawa maisha yake yote.

Ukienda kupima presha, usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Kaa chini utulie dakika tano, miguu sakafuni, usiongee. Ikisoma juu siku tofauti hata hivyo, basi una presha, na hapo zungumza na daktari wako. Mwenye presha kali sana ndiye wa kuogopa zaidi.

#4 Tumbo Joto

Mimi yangu ni fupi. Kahawa imenipa vidonda vya tumbo. Nilikuwa nakunywa asubuhi kabla ya kula chochote, nikaanza kuungua chini ya kifua, usiku silali. Nimeacha, nimepona nusu. Anayesema kahawa ni dawa aje aniambie mimi.

#5 Fundi wa Darubini

Mkuu Tumbo Joto, pole. Lakini hapo naomba nisahihishe, kwa sababu imani hii imewachelewesha watu wengi kutibiwa.

Vidonda vya tumbo kwa sehemu kubwa vinaletwa na vitu viwili: bakteria anayeitwa H. pylori na dawa za maumivu kama diklofenaki, aspirini na ibuprofeni. Zamani dunia nzima iliamini ni mawazo, pilipili na kahawa. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, ndio waliogeuza. Marshall alikunywa mchuzi wa hao bakteria mwaka 1984 akaugua tumbo ili watu waamini. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo swali langu kwako: ulipimwa hao bakteria? Na mgongo ukikuuma unameza nini?

#6 Tumbo Joto

Nimepimwa, nikakutwa nao, nikameza dozi nzima, nikarudi kupimwa hawapo. Na diklofenaki nilikuwa nazila kama karanga, hilo kweli. Lakini leo hii, bakteria hawapo, dawa za maumivu sigusi, nikinywa kahawa na tumbo tupu naungua. Nikinywa baada ya wali, siungui. Hilo nalo litafutie darubini.

#7 Nesi Zamu ya Usiku

Wote wawili mnasema kweli, ila vitu viwili tofauti. Kidonda kina chanzo chake. Kahawa inaamsha tumbo litoe asidi, na kwa baadhi ya watu inalegeza ule mlango kati ya umio (njia ya chakula) na tumbo, asidi inapanda. Hicho ni kiungulia. Mtu anaweza kuwa na kiungulia kikali bila kidonda hata kimoja. Wako ambao kahawa haiwagusi kabisa, wako wanaoungua kwa harufu tu. Kama unaungua, mwili umeshakujibu.

#8 Mzee wa Dele

Naona mnaizungumzia kazi yangu, wacha niingie. Nauza kahawa mitaa ya Kariakoo, kazi nimerithi kwa marehemu baba.

Buni nakaanga mwenyewe kwenye karai, juu ya mkaa, nakoroga bila kuacha mkono mpaka iwe nyeusi na ianze kutoa mafuta. Natwanga kwenye kinu. Tangawizi naiponda naichemsha kwanza peke yake na maji, ikishatoa ukali natia unga wa kahawa, na iliki kidogo siku ya Ijumaa. Inachemka, inapanda, naiteremsha, inapanda tena. Kisha naiacha itulie, tope lote linakaa chini ya dele. Namimina kwa shingo ya pembeni, taratibu, kwa hiyo mteja hapati machicha. Hiyo ya kusema "haichujwi" ni kweli, lakini si uchafu. Kahawa yangu ukiitazama kwenye finjani unaona kitako.

Na anayetia mahindi ya kukaanga ili ionekane nyingi, huyo si mwenzetu.

#9 Mwanachuo Morogoro

Shikamoo Mzee wa Dele. Maelezo yako yamenifurahisha kwa sababu hapo kwenye "kutoa mafuta" ndipo penyewe.

Mwaka 1983 watafiti wa Tromsø, kaskazini mwa Norway, waliandika kwamba watu wanaokunywa kahawa nyingi wana kolesteroli ya juu. Wenzao sehemu nyingine walipochunguza hawakuona hivyo, ikawa mabishano. Baadaye ikaeleweka: kule kaskazini walikuwa wanachemsha kahawa kwenye birika kama sisi. Ndani ya buni mna mafuta mawili, kafestoli na kaweoli. Ukichemsha yanaingia kwenye kinywaji, na yanapandisha kolesteroli mbaya. Karatasi ya kuchujia inayakamata karibu yote. Kahawa ya unga wa kukoroga nayo inayo kidogo sana.

Kwa hiyo mleta mada umegusa penyewe. Kutulia kwa tope hakuyaondoi mafuta hayo yote, mzee wangu. Mengine yanaelea na vumbi laini lisiloonekana.

#10 Kibaraza Temeke

Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Mwanachuo, sasa niambie: finjani ngapi za dele ndipo kolesteroli ipande?

#11 Mwanachuo Morogoro

Mkuu, kule walikuwa wanakunywa vikombe vikubwa vitano, sita kwa siku. Finjani yetu ni ndogo, robo ya kikombe chao hivi. Anayepiga finjani mbili jioni sidhani ana la kuogopa. Anayekaa kijiweni tangu alasiri akapiga kumi na mbili, huyo ameshafika vikombe vitatu vyao, anaanza kuwakaribia. Dawa yake rahisi ni kupima kolesteroli, hasa akishavuka miaka 40.

#12 Omwana wa Karagwe

Sisi kwetu Kagera kahawa hatunywi tu, tunaitafuna. Buni inachumwa haijaiva vizuri, inachemshwa na majani yenye harufu, inakaushwa juani. Mgeni akiingia anapewa amwani kabla ya maji. Kwenye posa ipo, kwenye msiba ipo. Babu yangu alitafuna tangu ujana, ameondoka akiwa na umri mkubwa, meno yake mwenyewe, presha hajui rangi yake.

Na wa Dar mjue kahawa yetu ni robusta. Kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro na Mbinga. Mnaosema "finjani mbili" semeni kwanza ni buni ya wapi.

#13 Hesabu Ngumu

Karagwe, babu yako Mungu amrehemu. Lakini kila uzi wa afya lazima aje babu aliyevuta sigara na kula chumvi akafika miaka tisini. Waliokufa na miaka hamsini hawapo barazani kutusimulia. Na babu huyo alilima kwa mkono, alitembea kwenda mnadani, alikula ndizi na maharage. Kahawa itapewaje sifa peke yake?

#14 Omwana wa Karagwe

Sijasema peke yake. Nimesema haikumuua.

#15 Mtu wa Marangu

Wadau, naona mnapita mbali na kitu kinachonitisha mimi. Joto.

Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani, ile ya Lyon, mwaka 1991 iliiweka kahawa kwenye kundi la vitu vinavyoweza kuleta saratani ya kibofu. Juni 2016 wakaiondoa, wakasema ushahidi hautoshi kuihukumu. Watu wakashangilia. Lakini mkutano uleule ulisema kinywaji chochote cha moto sana, kuanzia nyuzi 65 kwenda juu, yaelekea kinasababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Iwe kahawa, chai au maji matupu.

Na sisi tunaishi kwenye ukanda wake. Kuanzia Ethiopia, Kenya, kuja kwetu Kilimanjaro, kushuka hadi Malawi, saratani ya umio ni nyingi kuliko inavyotarajiwa. Watafiti walikuja huku kwetu wakapima chai watu wanapoanza kuinywa, wakakuta wastani unafika nyuzi 70. Baba yangu mdogo amekufa kwa ugonjwa huo. Alianza kwa kushindwa kumeza ugali, akaja kushindwa uji, mwisho maji. Chai yake ya maziwa ilikuwa lazima itoke jikoni inatokota, ikipoa kidogo anairudisha. Siwezi kusema ndiyo iliyomuua. Lakini nyumbani kwangu sasa hakuna anayekunywa kitu kinachotoa moshi mzito.

#16 Bi Kibokoni

Pole sana mwanangu. Mungu amlaze pema.

Mie ni wa Mombasa, Mji wa Kale. Kahawa tungu twanywa na tende au halua, mwenye dele apita akigonga vikombe, wasikia toka mbali. Kikombe chenyewe ni mafunda matatu, chapoa kabla hujamaliza kuitikia salamu. Hiyo chai ya bara ya kikombe kizima, mtu aimimina kama maji, sidhani ni sawa na sisi.

#17 Mtu wa Marangu

Ahsante bibi, shikamoo. Ni kweli ukubwa wa funda una kazi yake; funda kubwa linashuka na joto lake lote, dogo linapoa mdomoni. Lakini nimekaa vijiweni vya Moshi mjini. Ukimiminiwa kutoka kwenye dele lililokaa juu ya mkaa, hiyo si nyuzi 65.

#18 Fundi wa Darubini

Tusiipe joto kesi yote. Ukanda huu una pombe za kienyeji, tumbaku, jiko la kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha, meno yasiyotunzwa, matunda kidogo. Vyote vinachunguzwa. Joto limo, ila limekaa na wenzake.

#19 Mama Kijacho

Samahani wakubwa, naomba nitoke kidogo kwenye saratani. Nina ujauzito wa miezi sita, kliniki wameniambia damu ni ndogo, nimepewa vidonge. Asubuhi nazoea kahawa ya maziwa na chapati. Mama mkwe anasema niache kabisa, mtoto atatoka mweusi. Mume anasema hayo ni maneno ya wazee. Nimsikilize nani?

#20 Nesi Zamu ya Usiku

Hongera mdogo wangu. Rangi ya mtoto haitoki kwenye kikombe, hilo liondoe. Lakini mama mkwe ana sababu nyingine za kuwa na hofu.

La kwanza, kafeini inapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, naye hana uwezo wa kuivunja. Na wewe mwenyewe unaivunja polepole. Mtu wa kawaida nusu ya kafeini inatoka ndani ya saa tano hivi. Mjamzito wa miezi ya mwisho inaweza kuchukua saa 15. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 ilisema mtu mzima asizidishe miligramu 400 kwa siku, mjamzito 200. Kikombe kikubwa cha kahawa ya kuchuja kina 95 hivi. Kwa hiyo kimoja hakijavuka, lakini hesabu na chai na soda ya kola.

La pili ndilo lako hasa. Kahawa inazuia madini ya chuma yasinyonywe. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1983: kikombe cha kahawa pamoja na mlo kilipunguza chuma kwa asilimia 39. Usimeze kidonge cha damu na kahawa. Meza kwa maji au juisi ya chungwa, kahawa iwe mbali.

#21 Mpenda Chai Rangi

Ndiyo maana sisi wa chai tumetulia.

#22 Nesi Zamu ya Usiku

Ndugu yangu, utafiti huohuo chai ilipunguza kwa asilimia 64.

#23 Kocha wa Mtaa

Mpenda Chai Rangi umepigwa ukiwa umekaa.

#24 Mwanachuo Morogoro

Naongezea hapo kwa Nesi, kwa sababu wengi tunasema "nitakunywa baada ya kula". Katika utafiti ule, kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya mlo haikuzuia chuma. Iliyonywewa saa moja baada ya mlo ilizuia sawasawa na ya kunywa na mlo. Kwa hiyo mama, kahawa yako iende mapema kabla ya chapati, au isogee mbali zaidi mchana. Nchi yetu upungufu wa damu si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wanao.

#25 Tumbo Joto

Kabla ya kula tena! Mwanachuo unanirudisha kwenye moto.

#26 Mama Kijacho

Asanteni sana. Mama mkwe nimemsomea yote, amesema hata hivyo niache. Tumekubaliana kikombe kimoja saa kumi jioni.

#27 Dereva wa Tunduma

Mimi nina swali la kazi. Napiga Dar–Tunduma na semi. Zamani nilikuwa wa vinywaji vya nguvu vya kopo, moyo ukawa unaruka, nikahamia kahawa. Mlima Kitonga siwezi kuupanda nasinzia. Lakini nikifika mwisho wa safari nalala kitandani macho kwenye dari. Kahawa inanisaidia au inanidai?

#28 Fundi wa Darubini

Inakudai. Ukiwa macho, ubongo unakusanya kitu kinaitwa adenosini. Kikijaa ndio usingizi. Kafeini inakaa kwenye viti vyake, adenosini inabaki imesimama mlangoni. Usingizi haujaondoka, umezuiwa kuonekana. Kafeini ikitoka, unaingia wote kwa pamoja. Na kwa kuwa nusu yake inakaa saa tano hivi, ukinywa saa mbili usiku, saa saba usiku bado unayo nusu mwilini.

Kopo la vinywaji vile la mililita 250 lina miligramu 80, si zaidi ya kahawa. Lakini watu wanapiga matatu kwa mkupuo, na sukari yake juu.

#29 Fundi wa Magari Mbeya

Mjomba Dereva, kuna njia. Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, miaka ya 1990 waliwajaribu madereva wenye usingizi kwenye mashine ya kuigiza barabara. Walifanya vizuri zaidi waliokunywa kahawa kisha wakalala usingizi mfupi, usiozidi dakika 15. Kafeini inahitaji kama nusu saa kufika, kwa hiyo unaamka inapoanza kazi. Paki kwenye mizani, kunywa, weka kengele, funga macho. Lakini ukishaona barabara mbili, hakuna kahawa ya hapo. Lala.

#30 Dereva wa Tunduma

Tajiri anapiga simu kila saa kuuliza nimefika wapi. Hilo kahawa haitibu. Ila la dakika 15 nimelichukua, shukrani mjomba.

#31 Chaza wa Pemba

Assalaam alaykum. Mimi nataka kuuliza la Ramadhani. Siku mbili tatu za mwanzo kichwa kinapasuka kuanzia adhuhuri, mpaka nikifuturu na finjani moja, kinatulia kama hakikuwapo. Mwalimu wa madrasa yetu anasema ni njaa. Mke wangu anasema ni kiu. Nani mkweli?

#32 Nesi Zamu ya Usiku

Waalaykum salaam. Ukiona finjani moja imekata kichwa, mshukiwa wa kwanza ni kafeini. Mnywaji wa kila siku akiikosa, kichwa kinaanza kati ya saa 12 na 24, kinakuwa kikali siku ya kwanza na ya pili, na hali nzima inaweza kuchukua hadi siku tisa. Uchovu na hasira vimo humo. Hata kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani cha 2013 kimeitambua hali hiyo.

#33 Bi Kibokoni

Lakini na usingizi pia, maana mwezi ule watu hawalali. Taraweh, daku, alfajiri. Na maji ya daku watu hawanywi, wajaza uji. Mie naona ni vyote. Sisi Shaaban ikiingia twaanza kupunguza, kikombe baada ya kikombe, Ramadhani ikifika mwili ushajua.

#34 Chaza wa Pemba

Bi Kibokoni, hili la Shaaban nitalifuata in shaa Allah.

#35 Duka la Dawa Ilala

Wakuu, nimechelewa lakini nina jambo ambalo halijaguswa. Dawa.

Wengi mnameza cipro kwa ajili ya mkojo au tumbo. Dawa hiyo inazuia kimeng'enya cha ini kinachovunja kafeini. Kahawa yako ya kila siku inakaa mwilini muda mrefu kuliko kawaida: moyo unadunda, mikono inatetemeka, usingizi hakuna. Wateja wanarudi dukani wanasema dawa imewakataa. Namuuliza, "unakunywa kahawa?" Anasema ya kawaida tu. Punguza kahawa mpaka dozi iishe. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo vinachelewesha kafeini kutoka. Sigara inafanya kinyume, inaiharakisha. Mvutaji akiacha sigara, kahawa ileile inaanza kumzidi nguvu. Na wanaotumia dawa ya tezi ya shingo, wasiimeze na kahawa, inapunguza kunyonywa.

#36 Kocha wa Mtaa

Na ile ya kahawa na tangawizi kuongeza heshima ya ndoa? Mzee wa Dele ananiuziaga finjani ya pili kwa hoja hiyo.

#37 Duka la Dawa Ilala

Mkuu, hiyo ni biashara ya mzee, mwache ale. Mwenye tatizo hilo apime sukari na presha, mara nyingi limejificha huko.

#38 Maskati Kitambo

Nawasalimu kutoka Oman. Huku kahawa ni nyepesi, buni inakaangwa kidogo tu, inatiwa iliki na wengine maji ya waridi, inanywewa na tende. Finjani inajazwa chini tu, ukitosheka unaitikisa. Watu wanakunywa mchana kutwa, na kisukari kimejaa. Sasa hiyo "kahawa inazuia kisukari" mbona huku haifanyi kazi?

#39 Hesabu Ngumu

Hapo ndipo nilipokuwa nasubiri. Maskati, tafiti zile hazikusema mnywaji hapati kisukari. Zinasema kati ya watu wengi, wanaokunywa zaidi wanapata kidogo kuliko wasiokunywa. Na iliyoondolewa kafeini nayo inaonyesha hivyohivyo, kwa hiyo hata kama kuna kinga, huenda si ya kafeini. Lakini tende kumi na kukaa kwenye kiyoyozi kutwa vinaweza kuifuta.

Kuna jingine. Mtu akianza kuugua anaacha kahawa. Ukiwahesabu, wagonjwa wanaangukia upande wa wasiokunywa, kahawa inaonekana shujaa. Zamani ilikuwa kinyume, wanywaji wengi walikuwa wavutaji sigara, kahawa ikabeba dhambi za tumbaku. Ndiyo maana miaka ile ilionekana sumu na sasa inaonekana dawa.

#40 Mwanachuo Morogoro

Hesabu Ngumu, hapo umekaza sana. Kwa ini ushahidi ni mzito: makovu ya ini na saratani yake vimeonekana kupungua kwa wanywaji katika nchi nyingi tofauti. Na yapo majaribio ya kupanga watu kwa bahati nasibu. San Francisco walichukua watu wazima 100, wakawa wanawatumia ujumbe wa simu, leo kunywa, leo usinywe. Matokeo yalitoka 2023: mapigo ya ziada ya vyumba vya juu vya moyo hayakuongezeka, ya vyumba vya chini yaliongezeka. Siku za kahawa walitembea hatua 1,000 hivi zaidi, na walilala dakika 36 pungufu. Faida na hasara kwenye mwili uleule, siku ileile.

#41 Hesabu Ngumu

Watu 100, siku 14. Ini linataka miaka ishirini.

#42 Mkulima wa Mbinga

Nimesoma wote. Mimi nalima hiyo arabika. Kijijini kwetu anayekunywa kahawa yake mwenyewe ni wa kuhesabu. Tunaivuna, tunaikoboa, tunaipeleka, nyumbani tunachemsha majani ya chai ya dukani. Sasa mnasema ni nzuri kwa ini. Mngetuambia mapema tungebakiza debe moja.

#43 Mtu wa Marangu

Mkulima, na Kilimanjaro ni hivyohivyo. KNCU, ushirika wetu wa wakulima, imeuza kahawa tangu 1933, na sisi tumekua na chai ya maziwa.

#44 Kibaraza Temeke

Wakuu, nimechota mengi. Ya chuma, ya cipro na ya Shaaban sikuyajua. Lakini bado swali la dele liko palepale: joto lake pale linapomiminwa, na mafuta yanayobaki baada ya tope kutulia. Fundi wa Darubini, wewe una vifaa. Kipimajoto tu si gharama. Twende kwa Mzee wa Dele tukapime, tulete majibu hapa.

#45 Fundi wa Darubini

Kipimajoto ninacho, nakuja. Mafuta sina mashine yake. Nitamuuliza mwenzangu wa chuo. Mzee, unaturuhusu?

#46 Mzee wa Dele

Karibuni sana, mje Alhamisi baada ya Magharibi. Siku hiyo napika madele mawili, kwa hiyo sitabanwa. Ila msipime mwisho wa dele mkasema kahawa ya mzee imepoa. Mteja wa kwanza akimiminiwa, hapo ndipo mtumbukize. Kisha mpime tena akiipeleka mdomoni, maana wengine wanaweka chini kwanza wamalize kubishana. Na mje mmekula.